Eli Aliona Midomo Tu

Hotuba kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, Dar es Salaam

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wachungaji na mapadre wetu, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa, mama zetu na baba zetu mnaoongoza jumuiya, asanteni kwa kuja. Wapo mliopanda daladala mbili kutoka Chanika na wapo mliotoka Bunju alfajiri, na joto la leo mnalihisi wenyewe. Tusipoteze muda. Tufungue Samweli wa Kwanza, sura ya 1.

Tuko Shilo. Hana, mke wa Elkana, hajajaliwa mtoto, na mke mwenzake Penina anamchokoza mwaka baada ya mwaka. Watu wamekwisha kula na kunywa. Hana anainuka, anakwenda kuomba huku akilia. Kuhani Eli ameketi kitini pake, penye mwimo wa hekalu, anamtazama. Maandiko yanatueleza hasa alichokitazama: kinywa chake. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Eli akamdhania amelewa, akamuuliza ataendelea na ulevi mpaka lini, akamwambia aiache divai yake.

Ningependa tukae hapa kidogo, maana viongozi wengi tunaipita habari hii mbio ili tufike kwa mtoto Samweli. Tazameni mambo manne yaliyotokea ndani ya dakika chache. Kuna alichoona Eli: midomo. Kuna alichosikia: hakusikia kitu. Kuna alichodhani: pombe. Na kuna alichotamka: wewe ni mlevi. Viwili vya kwanza ni kweli tupu. Kosa limeingia kati ya kusikia na kudhani, na likapata miguu pale alipotamka. Tena dhana yake haikuwa ya kijinga. Ilikuwa siku ya karamu, watu wametoka mezani, na mlevi naye hutikisa midomo peke yake. Ndiyo maana nawaomba msijiamini kwa sababu tu dhana yenu ina mantiki. Ya Eli ilikuwa nayo, na ilikuwa uongo mtupu.

Hana alimjibu kwa heshima: hasha, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni. Na hapa tumpe Eli haki yake, kwani hakubisha. Hakutaka mashahidi, hakusema "lakini mimi nimeona." Alibadili neno papo hapo: enenda kwa amani. Kiongozi anayeweza kurudisha neno lake mbele ya aliyemkosea, siku hiyo hiyo, ameokoa mengi.

Sasa geuzeni ukurasa mmoja, sura ya 2. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, wamo katika ukuhani hapo hapo. Mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anauchoma chunguni mwa watu wanaotoa sadaka, chochote kilichonaswa ni cha kuhani. Anadai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na asiyempa anatishiwa kunyang'anywa. Wanalala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Habari zikamfikia baba yao, akawasemesha kwa maneno. Sura ya 3 Mungu anasema Eli alijua uovu ule, na wanawe walipojiletea laana hakuwazuia. Midomo ya mwanamke anayelia ilimtoa kitini. Uma wa meno matatu wa nyumbani mwake haukumtoa. Wahenga wa huku kwetu walilisema kwa ukali kuliko ninavyoweza kulisema mbele ya mama zetu: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Tukitoka hapo, Mathayo sura ya 7 inasomeka kwa macho mapya. "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Neno la Kigiriki lililotumika ni krino, nalo ni pana: kupambanua, kuamua, kukata shauri, hata kumtia mtu hatiani. Bwana hakatazi yote hayo. Mstari wa 6 anasema tusiwape mbwa kilicho kitakatifu wala tusiwatupie nguruwe lulu. Mstari wa 15 anatuonya juu ya manabii wa uongo, na mstari wa 16 anasema tutawatambua kwa matunda yao. Hutambui matunda ukiwa umefumba macho. Anachokataza ni kukalia kiti kisicho chetu, kile cha kusema mtu huyu ndani yake yukoje na mwisho wake utakuwa wapi.

Kisha inakuja boriti. Waliotuletea neno hilo katika Biblia yetu walilichagua vizuri sana, na watu wa Pwani tunapaswa kulisikia kuliko wengine. Boriti ni mti mnene wa mkoko, ule uliovunwa delta ya Rufiji na kupakiwa majahazini. Fito ni nyembamba, pau ni nene kidogo, boriti ndiyo inayobeba dari zito la mawe na chokaa katika nyumba kongwe za Waswahili. Upana wa vyumba vya nyumba zile ulifuata urefu wa boriti. Neno la Kigiriki, dokos, ni mti huo huo wa kubebea dari. Kwa hiyo Yesu anamsema mtu mwenye mti wa dari jichoni, anayetaka kumtolea mwenzake kibanzi, kipande kidogo cha ukuni au bua kavu.

Wengi tunaishia kwenye aibu ya boriti na hatufiki mwisho wa mstari wa 5: "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi." Kibanzi kinatakiwa kitoke! Kinamuumiza ndugu yako, kinamfanya atoe machozi. Lakini fikirini kazi ya kutoa uchafu jichoni inavyofanyika. Unanawa mikono. Unamleta mwenzako penye mwanga. Yeye mwenyewe anakubali kutulia na kufungua jicho, maana akilifumba huwezi kitu. Unatumia ncha ya kitambaa safi, polepole. Hakuna aliyewahi kutolewa kibanzi kwa kupigiwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara, wala kwa tangazo la kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya.

Na katikati yake kuna neno la kipimo: "kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa." Mama zetu mnaonunua nyanya Mabibo na Ilala mnalijua sado, kopo la kupimia, lililobonyezwa kitako. Kwa nje ni sado kama masado mengine, ndani limekula nyanya tatu nne. Na mkulima naye anaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu huku analipwa bei ya gunia moja. Mfanyabiashara mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: ananunua kwa lumbesa, anauza kwa sado la kubonyeza. Mithali 20:10 inasema vipimo vya namna mbili ni chukizo kwa Bwana, na sisi tunavyo vinywani. Binti yetu akipata mimba kabla ya ndoa, tunasema shetani amempitia. Wa jirani akipata, hakulelewa. Mhazini wa upande wetu fedha zisipolingana na daftari, mahesabu yamechanganyika. Wa upande ule, mwizi.

Dawa yake ni rahisi kueleza na ngumu kumeza. Kabla hujasema neno juu ya mtu, litoe jina lake, weka jina la mtoto uliyemzaa, kisha litamke sentensi yote kwa sauti, ukiwa peke yako. Ukiona unatafuta neno laini zaidi, hilo laini ndilo kipimo chako halisi. Mpimie na mwenzako hilo hilo.

Daudi alinaswa hapa. Katika 2 Samweli 12 Nathani anamsimulia tajiri aliyemchinja mwana-kondoo wa maskini, na Daudi anatoa hukumu mbili: mtu huyo afe, tena alipe mara nne. Kutoka 22:1 sheria ilitaka kondoo wanne kwa mmoja, basi. Kifo alikiongeza Daudi mwenyewe, naye wakati huo ameficha damu ya Uria, aliyemuua baada ya kulala na mkewe. Mkiona hasira ya mtu juu ya kosa la mwingine imezidi ile ya sheria yenyewe, mwendeeni kwa upole, inawezekana kuna kaburi ndani yake.

Kwa nini basi hukumu ya mwisho ni ya Mungu? Kwa sababu kuna mambo mawili tusiyoyafikia. La kwanza ni moyo. "Wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo," 1 Samweli 16:7. Na anayeambiwa hivyo ni Samweli, mtoto wa Hana yule yule, nabii mzima, amesimama mbele ya Eliabu, kaka yake Daudi, mrefu na mzuri akidhani amempata mfalme. Mama yake alihukumiwa kwa midomo, naye mwana karibu achague kwa kimo. Kama Samweli alihitaji kusahihishwa, sisi je?

La pili ni mwisho wa mtu. Katika Luka 13:1-5 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, naye anajibu mwenyewe: sivyo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, mji huu ulilia. Yeyote anayetaka kusema kwa nini yule alikuwa ndani na huyu alikuwa ametoka kununua chai, asome kwanza mistari hiyo mitano ya Luka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa huduma yao bora. Walipofungua vinywa kueleza ni dhambi gani iliyomleta pale, Mungu alikasirika, akawatoza ng'ombe 7 na kondoo waume 7, na sharti kwamba Ayubu, yule waliyemtia hatiani, awaombee.

Hili linatugusa zaidi misibani, nanyi ndio mnaosimama kusema. Marehemu aliyekuwa hajaonekana kanisani miaka kumi, au aliyekunywa, au aliyejitoa uhai. Semeni mnachokijua: jina lake, wazazi wake, lini alibatizwa, kazi aliyofanya, watoto aliowaacha. Msimpeleke popote, juu wala chini. Kwa Wakatoliki, Katekisimu ya Kanisa namba 2283 inasema wazi kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai, kwani Mungu kwa njia anazozijua mwenyewe anaweza kuwapa nafasi ya toba. Yule mnyang'anyi msalabani alikuwa na saa chache tu, na nani kati ya waliopita njiani alijua alichoambiwa? Mjane aliyeketi kwenye jamvi anasikiliza kila silabi yako. Neno moja la kumhukumu mumewe atalibeba mpaka kaburini kwake.

Sasa lipo jambo ambalo linanichoma, na nitalisema polepole. Neno "tumwachie Mungu" limetumika kufunika uovu. Mtoto ameharibiwa na ndugu wa familia, wazee wanaitwa, chai inapikwa, inasemwa sisi ni nani hata tuhukumu, yanakwisha kwa faini na maombi. Huko ni kumwacha mtoto peke yake na kulisingizia jina la Mungu. Bwana aliyesema msihukumu ndiye aliyesema, Mathayo 18:6, habari ya jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Na Warumi 13 inasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu. Kuripoti ni kupeleka jambo kwa mtumishi aliyewekwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mzazi au jirani akikujia na habari ya mtoto, fanyeni hivi. Mtoto apelekwe hospitali haraka, siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina kazi zikianza baada ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Asiogeshwe kwanza, nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa kitambaa safi. Asihojiwe na watu watano kwa zamu, kwani kila anaporudia anaumia upya na maelezo yake yanavurugika. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, huko mtapata na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayevunjiwa haki wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa. Namba ya kupiga bure kwa msaada wa mtoto ni 116. Na msiitishe kikao cha upatanisho kati ya familia ya mtoto na mtuhumiwa. Mengine mtamwachia Mungu baadaye, nayo ni moyo wa yule mtu. Mtoto mmekabidhiwa ninyi.

Fedha za kanisa nazo ni hivyo hivyo, ingawa kwa uzito mwingine. Paulo, 2 Wakorintho 8, alipokusanya mchango wa Yerusalemu alisafiri na ndugu wengine ili mtu asije akamlaumu. Saini mbili, kuhesabu sadaka watu watatu pamoja, daftari kukaguliwa kila robo mwaka: hayo hayamhukumu mhazini, yanamlinda.

Na upande wa pili kuna uovu ulio kinyume chake. Kila mmoja hapa amewahi kusikia mtaani ile sauti moja, "mwizi!" Kabla hujageuka watu wamekwisha kuokota mawe, na kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali." Tusimame na Yohana sura ya 8. Wanamleta mwanamke aliyefumaniwa. Walawi 20:10 inawataja wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume yuko wapi? Torati ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu, na Kumbukumbu la Torati 17:7 iliweka sharti zito: mkono wa shahidi ndio uanze kumpiga mawe mkosaji, wa watu wengine ufuate. Maana yake aliyesema "nimemwona" ndiye anayebeba damu ikiwa amesema uongo. Yesu anapowaambia asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe, anawarudisha kwenye sharti hilo na kulikaza zaidi. Wakatoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Nasisitiza kwa wazee mlioko hapa: mkianza kuondoka ninyi, vijana watawafuata.

Kundi la mtaani halina shahidi hata mmoja. Aliyepiga kelele pengine ndiye mwenye kudaiwa, pengine ameshakimbia. Ukiwa karibu, usijaribu kuhubiri, hawatakusikia. Uliza kwa sauti kubwa swali la Torati: nani amemwona akiiba? Rudia. Mara nyingi kundi zima linaangaliana. Piga 112, namba ya dharura ya polisi. Mwite mwenyekiti wa mtaa, waite vijana wa kijiwe cha bodaboda wanaokufahamu kwa jina, mwingizeni yule mtu ndani ya ofisi au ua wenye geti mpaka polisi wafike. Hata kama ameiba kweli, aliyempiga mpaka akafa ameua, mbele ya sheria ya nchi na mbele za Mungu.

Turudi kwenye yale ya kila wiki. Ndugu amekukosea, au umeona jambo katika mwana jumuiya. Mathayo 18:15 inasema enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Hatua hii ndiyo tunayoiruka. Tunakwenda kwa mchungaji kwanza, au kwa shoga yetu, au tunaiweka kwenye maombi: "Wapendwa, tumwombee dada fulani wa kwaya, ndoa yake ina mambo." Hilo ni sengenyo lililovaa kanga ya ibada. Ukitaka mtu aombewe, sema "kuna ndugu anapita katika jaribu," Mungu anamjua jina. Na lile la "lisemwalo lipo" tuliache nje ya geti la kanisa. Kumbukumbu la Torati 19 ilisema shahidi wa uongo atendewe vile alivyokusudia kumtendea mwenzake. Torati haikukubali tetesi kwa ng'ombe, itakuwaje tuzikubali kwa mtu?

Kabla ya kwenda, chukua karatasi, andika sehemu tatu: nimeona nini, nimesikia nini kwa nani, nimedhani nini. Mfano: binti wa kwaya ameshushwa na gari saa 4 usiku, dereva ni mwanamume. Umeona gari, mlango na saa. Umesikia kwa jirani kwamba ni mara ya tatu. Mengine yote uliyonayo kichwani ni ya safu ya tatu. Inaweza kuwa teksi aliyoiita kwa simu, inaweza kuwa kaka yake, inaweza kuwa gari la kazini linalorudisha watu wa zamu. Safu ya tatu ikizidi mbili za kwanza, usiende kuonya. Nenda kumsalimia.

Ukiwa na jambo la kweli, nenda ana kwa ana. Ujumbe wa simu husomwa kwa sauti ya hasira hata ulipouandika kwa upole, tena hupigwa picha na kusambaa. Usimsubiri kwenye geti baada ya ibada mbele ya watu. Kama ni mwanamume kwa mwanamke, kaeni barazani mnapoonekana lakini hamsikiki. Chukua jambo moja, usibebe ya mwaka juzi. Anza kwa swali, kama Eli alivyopaswa kuanza: mama, unaumwa? Ukijibiwa, nyamaza usikilize mpaka mwisho. Akikiri, yamekwisha, umempata nduguyo, na hata mumeo au mkeo hana haja ya kujua. Akikana nawe huna ushahidi, ishia hapo. Hapo ndipo kumwachia Mungu kunapoanza kwa kweli, tena kunauma, kwa sababu unarudi nyumbani na jambo mkononi bila pa kuliweka.

Akikana nawe unao ushahidi, unachukua mmoja au wawili. Hao si jeshi lako. Ni mashahidi wa mazungumzo, na wana haki ya kukuambia wewe ndiye uliyekosea. Chagua watu ambao na yeye anawaheshimu. Baada ya hapo ndipo baraza la wazee. Na asipolisikia hata kanisa, Bwana anasema awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Kabla hatujafunga mlango, tukumbuke ni injili ya nani tunayoisoma. Mathayo aliketi forodhani akitoza ushuru, na Yesu alikwenda nyumbani kwake akala.

Kwa waliodhulumiwa kweli, na mnao wengi katika jumuiya, wafundisheni habari ya En-gedi, 1 Samweli 24. Sauli anamwinda Daudi na watu 3,000, anaingia pangoni peke yake, Daudi anakata pindo la vazi lake na kumwacha hai. Kisha hanyamazi. Anatoka nje, anaita, anaonyesha kile kipande cha nguo, anataja kosa analotendewa, halafu anasema Bwana na ahukumu kati yangu na wewe, lakini mkono wangu hautakuwa juu yako. Sauli akalia, akamwita mwanangu. Na mwisho wa sura? Sauli akaenda zake nyumbani kwake. Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Hakumfuata. Mama aliyepigwa na mume akaahidiwa kwa machozi kwamba haitarudia, anaweza kuiacha hukumu kwa Mungu na yeye mwenyewe akabaki ngomeni, kwa wazazi au kwa dada, mpaka mabadiliko yaonekane kwa miezi na si kwa machozi ya siku moja. Msimsukume arudi kwa kumsomea "msihukumu."

Nimalizie na aliyetengwa akatubu. Korintho kulikuwa na mtu wa namna hiyo, na Paulo anaandika, 2 Wakorintho 2, kwamba adhabu ile aliyopewa na walio wengi imemtosha. Mumsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Anawasihi wathibitishe upendo wao kwake. Kuthibitisha ni kazi ya mikono. Barua ya kumtenga ilisomwa hadharani, basi na kurejeshwa kwake kusomwe hadharani, kwa sauti ile ile, Jumapili ile ile ya watu wengi. Wiki hiyo wazee wawili wamtembelee nyumbani. Kama alikuwa kwaya, arudishiwe joho lake na mahali pake pa kusimama. Mwandikeni zamu ya jumuiya kukutana kwake. Na Jumapili ya kwanza awepo mtu wa kumpokea getini, akae naye benchi moja, upande wa mbele.

Karibuni kwa maswali. Mama wa nyuma pale, ulinyoosha mkono muda mrefu, tuanze na wewe.